Kutazama Sailor Moon ya 1992 kwa Mara ya Kwanza Bila Kukwama: Mwongozo Kamili

Wengi wanaoanza kutazama Sailor Moon, katuni ya Kijapani ya mfululizo, hawafiki mbali. Wanaacha mapema, mara nyingi kabla ya sehemu ya 8, kisha wanauliza kwa nini watu wazima wa leo bado wanalia wakiizungumzia. Malalamiko yao hayabadiliki: hadithi haieleweki, kila sehemu inafanana na iliyotangulia, na kuna sehemu 200 za kumaliza.

Kasoro haiko kwa mtazamaji. Anayechanganyikiwa kwa kawaida ameanza na toleo lisilo lake. Anayechoka ametazama sehemu sita kwa mkupuo kitu kilichotengenezwa kutazamwa mara moja kwa juma. Na anayeogopa wingi hajaambiwa kwamba msimu wa kwanza, wenye sehemu 46, una mwanzo na mwisho wake kamili.

Jambo moja kuhusu neno. Wajapani huita aina hii mahō shōjo, yaani wasichana wenye nguvu za ajabu. Ukikutana na tafsiri ya "wasichana wachawi", iache. Kwetu mchawi ni mtu anayeroga na kudhuru, na tafsiri hiyo imewatia hofu wazazi bila sababu. Hapa nguvu hizo ni za kulinda.

## Vitu unavyohitaji

- Muda wa saa 18 na nusu. Kila sehemu ni kama dakika 24, pamoja na wimbo wa kufungulia na wa kufungia. Ukitazama sehemu sita kwa juma, utamaliza msimu wa kwanza kwa wiki nane hivi.
- Bando la GB 13 hivi, kama unatazama mtandaoni kwa ubora wa kati. Kadiria MB 280 kwa kila sehemu. Usilipie ubora wa juu kabisa: michoro hii ilipigwa kwa filamu miaka ya 1990, na kwenye skrini ya simu hutaona tofauti kubwa.
- Nakala yenye sauti ya Kijapani na maandishi ya tafsiri kwa lugha unayoisoma haraka.
- Karatasi moja na kalamu, kwa ajili ya majina.
- Spika za masikioni, kama nyumba ina kelele. Sauti za waigizaji ni nusu ya utamu.

## Hatua ya 1: Hakikisha umeshika toleo lenyewe

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Jina Sailor Moon liko juu ya kazi kadhaa tofauti, zote zikitokana na manga, yaani vibonzo vya Kijapani vya kusoma, ya Naoko Takeuchi.

Unayoitafuta ni ile ya kampuni ya Toei Animation, iliyoanza kuonyeshwa Japani tarehe 7 Machi 1992 kwenye televisheni ya TV Asahi na kumalizika Februari 1997. Ina misimu mitano: wa kwanza (sehemu 1–46), R (47–89), S (90–127), SuperS (128–166) na Sailor Stars (167–200).

Sailor Moon Crystal, iliyoanza 2014, ni usimulizi mpya unaoifuata manga kwa karibu na kwa kasi. Si mbaya, lakini haina nafasi ya maisha ya kila siku, na maisha hayo ndiyo yanayokufanya uwapende wasichana hawa. Hatari zaidi ni Sailor Moon Eternal ya 2021, filamu mbili zilizosambazwa duniani kupitia Netflix. Ukiandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia unaweza kuiona hiyo kwanza, kumbe inaanzia katikati kabisa ya hadithi. Anayeanza nayo ni kama aliyeingia harusini wakati wa kukata keki, halafu anauliza bibi harusi ni yupi.

Kuna mtego mwingine: toleo la Kiingereza la mwaka 1995. Lilikata baadhi ya sehemu na kuunganisha mbili za mwisho wa msimu wa kwanza kuwa moja, hivyo 46 zikawa 40. Majina yalibadilishwa, na mahusiano pia. Zoisite, mmoja wa maadui ambaye ni mwanamume, alipewa sauti ya mwanamke. Baadaye, katika msimu wa S, Haruka na Michiru, ambao ni wapenzi, walifanywa mabinamu. Mazungumzo mengi yakabaki hayana maana.

Namna ya kupima kwa dakika tano:

- Msichana mkuu akiitwa Serena, umeshika toleo lililokatwa.
- Mwisho wa sehemu akitokea kukupa fundisho la maadili, ni lilelile.
- Msimu wa kwanza ukiwa na sehemu 40 badala ya 46, achana nayo.

Kampuni ya Viz Media ilianza kutoa toleo zima lisilokatwa mwaka 2014, likiwa na sauti ya Kijapani, sauti mpya ya Kiingereza na majina ya asili. Hilo ndilo la kutafuta. Kwa wasomaji wa Kongo na Burundi waliozoea Kifaransa: msichana akiitwa Bunny, hiyo ni tafsiri ya Kifaransa ya miaka ya 1990. Jina ni lingine, lakini ni huyohuyo Usagi, msichana mkuu anayegeuka kuwa Sailor Moon.

Umefaulu ukiona: sehemu ya 1 inaanza na msichana wa miaka 14 aliyechelewa shule, anaitwa Usagi, na hesabu ya msimu ni 46.

## Hatua ya 2: Panga sauti na maandishi

Chagua sauti ya Kijapani kwa mara ya kwanza. Sababu ni ya kiufundi: vichekesho vingi viko kwenye namna Usagi anavyolia, anavyodeka na anavyogeuza sauti ghafla akiwa vitani. Mwigizaji wake, Kotono Mitsuishi, alibeba hayo yote kwa koo lake.

Kama unatazama faili kwenye kompyuta kwa programu ya VLC, herufi B hubadilisha sauti na herufi V hubadilisha maandishi. Maandishi yakitangulia mdomo, bonyeza H kuyachelewesha. Yakichelewa, bonyeza G kuyawahisha. Kila bonyezo ni sekunde 0.05, kwa hiyo usikate tamaa baada ya mara mbili. Kosa la sekunde moja nzima linahitaji mabonyezo 20.

Sikiliza pia viambishi vinavyofuata majina. "-san" ni heshima ya kawaida, "-chan" ni ya kubembeleza. Kati ya rafiki za Usagi, Ami husema "Usagi-chan", Rei husema "Usagi" tupu. Tofauti hiyo ndogo inakueleza urafiki wa kila mmoja kabla hadithi haijakueleza, na maandishi ya tafsiri mara nyingi huiacha.

Onyo: kuanzia sehemu ya 44 hadi ya 50 sauti ya Usagi inabadilika. Nakala yako haijaharibika. Mitsuishi aliugua na Kae Araki akashika nafasi yake kwa muda. Watu wamewahi kufuta faili nzuri kwa kutojua hili.

## Hatua ya 3: Rekebisha umbo la picha

Picha ya asili ni ya uwiano wa 4:3, karibu mraba. Runinga za sasa ni pana, kwa hiyo lazima ubaki na milia myeusi kulia na kushoto. Iache. Ukiivuta picha ijaze skrini, nyuso zinakuwa pana na miguu inakuwa mifupi. Ukiikuza, unakata vichwa juu na maandishi chini.

Kwenye runinga, tafuta mpangilio wa ukubwa wa picha kwa rimoti na uchague 4:3 au ule wa asili. Kwenye VLC, bonyeza A mpaka ukae sawa. Punguza pia ung'avu uliopitiliza na zima ulainishaji wa mwendo: michoro hii ilichorwa kwa mkono juu ya karatasi za plastiki, na ulainishaji huifanya iteleze kama mafuta.

Umefaulu ukiona: mwezi ni duara kamili. Ukiwa kama yai, bado hujamaliza.

## Hatua ya 4: Andika majina matano

Jina la ukoo la kila msichana limebeba nguvu yake, na Kiswahili kinatupa msaada wa pekee, kwa kuwa majina yetu ya sayari tunayo.

- Tsukino Usagi: tsuki ni mwezi, usagi ni sungura. Wajapani wakitazama mwezi mpevu huona sungura anatwanga mochi, yaani donge la wali wa kunata. Usitegemee ujanja wa Sungura wa hadithi zetu: huyu ni mliaji, mvivu wa masomo na mpenda kula.
- Mizuno Ami: mizu ni maji. Sayari yake ni Utaridi, ambayo kwa Kijapani huandikwa kwa alama ya maji.
- Hino Rei: hi ni moto. Sayari yake ni Mirihi. Anaishi na kuhudumu kwenye hekalu la Kishinto.
- Kino Makoto: ki ni mti. Sayari yake ni Mshtarii. Ndiyo maana mwenye radi huyu ana pia uhusiano na mimea, jambo linalowashangaza wasiojua.
- Aino Minako: ai ni upendo. Sayari yake ni Zuhura, na hapo hatuhitaji maelezo.

Weka karatasi karibu. Wasichana hawaji kwa pamoja. Wanaongezeka katika sehemu za 8, 10, 25 na 33, na mtu asiye na orodha huwachanganya wakishavaa sare.

Onyo kubwa: usitafute majina haya mtandaoni. Picha ya kwanza tu inaweza kukutobolea siri ya sehemu ya 34. Usisome pia orodha ya vichwa vya sehemu. Vichwa vya Kijapani vya wakati ule havikuficha kitu, na kimoja karibu na mwisho kinataja wazi kitakachotokea.

## Hatua ya 5: Sehemu ya 1 hadi 13, mbili kwa siku na si zaidi

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo mwongozo huu unapohitajika zaidi.

Kila sehemu ina mifupa ileile. Jambo la kawaida linamsumbua Usagi au rafiki yake. Adui anafungua biashara au jambo linalovuta watu, ili awanyonye nguvu. Usagi anagundua, anabadilika, anapigana, anazidiwa, waridi linarushwa, anashinda. Kisha kichekesho kidogo, na wimbo.

Kwa nini iwe hivyo? Kwanza, ilikuwa ya kila Jumamosi saa 1 jioni. Mtoto aliyekosa wiki moja alipaswa kuelewa wiki inayofuata. Pili, mandhari ya kubadilika na ya silaha huchorwa mara moja kwa ustadi mkubwa, kisha hurudiwa, ili wachoraji wapate muda wa kuchora yaliyobaki. Tatu, wasichana wadogo walingoja dakika hiyo kama sisi tunavyongoja kiitikio cha wimbo tunaoupenda. Marudio ni kiitikio. Anayesikiliza kiitikio mara sita mfululizo ndani ya usiku mmoja atachoka, hata wimbo uwe mtamu vipi.

Basi tazama sehemu moja au mbili, zima, rudi kesho.

Na ukitazama, fuatilia kinachobadilika. Tazama mtego wa adui kila mara: duka la vito, mpiga ramli, barua za mapenzi za redioni usiku, ukumbi wa mazoezi ya kupunguza mwili, wanyama wa kufuga, masomo ya ziada ya jioni. Ile ya masomo ya ziada ni sehemu ya 8, na yeyote aliyewahi kusukumwa twisheni hadi usiku ataielewa bila kuelezwa. Kila mtego ni kitu ambacho vijana wa Tokyo wa wakati huo walikitamani au walikiogopa. Ukianza kuuliza "leo wanatamani nini?", sehemu hazifanani tena.

Fuatilia pia mambo mawili madogo: Naru, rafiki wa Usagi asiye na nguvu yoyote, na mchezo wa Sailor V ulioko kwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta. Usiulize kwa nini. Yaweke akilini.

Mandhari ya kubadilika usiyaruke katika sehemu tano za kwanza. Baada ya hapo ni hiari yako, ila msichana mpya akiingia, tazama yake yote mara ya kwanza.

Jambo moja litakukera: kijana Mamoru anamtania Usagi kuhusu nywele zake. Neno analotumia, odango, ni donge la unga wa mchele, na tafsiri hulipa majina mbalimbali. Vumilia. Utani huo una kazi mbele ya safari.

Umefaulu ukiona: unapofika sehemu ya 13 unaweza kusema, bila karatasi, Usagi, Ami na Rei wanatofautiana nini wanapoogopa. Kama huwezi, umeenda kwa kasi. Rudia sehemu ya 8 na ya 10 tu, kisha endelea.

## Hatua ya 6: Sehemu ya 14 hadi 24

Adui anabadilika na mbinu inabadilika. Nephrite, adui mpya, hawindi umati: anamtafuta mtu mmoja aliyefika kilele cha kipaji au shauku yake, kama mcheza tenisi, mpiga picha, mtengeneza wanasesere. Kwa hiyo hadithi zinakuwa za watu, si za maduka.

Usiruke sehemu ya 21. Inatokea ndani ya studio ya katuni, na inakuonyesha wachoraji wenyewe kazini.

Orodha za mtandaoni zinazokwambia "ruka hizi, hazina maana" zina madhara hasa hapa. Mzigo wa sehemu ya 24 umejengwa polepole na sehemu ndogondogo zilizotangulia. Ukiziruka, utaiona sehemu ya 24 na hutasikia kitu, kisha utadhani imekosewa.

Umefaulu ukiona: baada ya 24 hutaki kuzungumza kwa dakika chache. Usiweke ya 25 usiku huohuo.

## Hatua ya 7: Sehemu ya 25 hadi 33

Kasi inapanda. Kuna fuwele saba za kutafuta, zimefichwa ndani ya watu, na kuanzia hapa Usagi anaponya badala ya kuangamiza tu. Sasa unaweza kutazama tatu kwa siku. Ongeza jina la Makoto kwenye karatasi yako, na mwishoni la Minako.

## Hatua ya 8: Sehemu ya 34 hadi 46

Tenga siku tatu za utulivu. Tazama 34 na 35 pamoja. Zilizobaki tazama kama kawaida, kisha hifadhi za 44, 45 na 46 kwa kikao kimoja. Ni kama dakika 72.

Zingatia haya:

1. Zima mara wimbo wa kufungia unapoanza. Baada yake huja dondoo za sehemu inayofuata, na katika kipande hiki zinatoboa karibu kila kitu.
2. Zima simu. Sehemu ya 44 ina maelezo ya mambo ya kale ambayo hayarudiwi.
3. Usitazame na mtoto mdogo kabla hujaitazama wewe. Mfululizo huu ulilenga wasichana wa shule ya msingi, lakini sehemu ya 45 ni nzito. Kaa naye, na umalizie 46 hapohapo. Usimwache alale akiwa ameishia 45. Mzazi ajue pia kwamba wasichana wakibadilika umbo, miili huonekana kama vivuli vyenye rangi, bila nguo na bila undani.

Umefaulu ukiona: mwisho wa 46 unaelewa kwa nini msichana mliaji, na si yule hodari au yule mwenye akili, ndiye aliyepaswa kuwa Sailor Moon. Mwongozo hauwezi kukuambia hili kwa niaba ya sehemu 46.

## Hatua ya 9: Kuendelea na msimu wa R na mbele yake

Pumzika wiki moja. Kisha amua.

Ukiendelea, anza na 47 na si 60. Sehemu za 47 hadi 59 hazimo kwenye manga, ndiyo maana wengine hushauri zirukwe. Lakini 47 inashika uzi pale 46 ilipouachia, na anayeruka hubaki akijiuliza nani anajua nini. Ukichoka kabisa, ya 89 ndiyo salama kuruka, kwa sababu ni muhtasari wa yaliyopita.

Filamu ni tatu, moja kwa kila msimu wa R, S na SuperS. Tazama kila moja baada ya kumaliza msimu wake. Ile ya R ina urefu wa saa moja tu, na kwa maoni yetu ndiyo bora kati ya zote tatu.

Angalia pia mahali pa kusimama. SuperS inaisha kwa hesabu kwenye 166, lakini adui wake anarudi mwanzoni mwa Sailor Stars, na habari yake inakamilika kwenye sehemu ya 172. Kama umepanga kupumzika tena, pita hizo sita kwanza.